Daktari James Young Simpson na Uchungu wa Wanawake



Katika kikao kimoja cha walimu wa Injili niliulizwa swali na mzee mmoja, mwalimu wa siku nyingi, nami sikuweza kumjibu upesi. Binti yake alikuwa amezaa hospitalini kwa kupasuliwa, akapewa dawa ya usingizi, na aliporudi nyumbani majirani wakamnung'unikia ya kuwa ameikimbia hukumu aliyopewa Hawa. Mzee akataka kujua kama mtoto wake ametenda dhambi. Nalimwambia ya kuwa hakutenda dhambi, lakini sababu nilizompa zilikuwa chache na dhaifu. Usiku ule nikakumbuka ya kuwa swali hili lilikwisha kuulizwa zamani sana katika nchi ya Uskoti, na ya kuwa mtu aliyelijibu kwa Maandiko hakuwa mchungaji, bali alikuwa mganga. Kwa hiyo nimeona vema kuwaandikia habari za maisha yake, kwanza kwa ajili ya mzee yule, kisha kwa ajili yenu nyote.

James Simpson alizaliwa tarehe 7 Juni 1811 katika mji mdogo wa Bathgate, upande wa magharibi wa Edinburgh. Baba yake, David, alikuwa mchoma mikate. Mama yake aliitwa Mary. James alikuwa mtoto wa nane, na katika wana wa kiume alikuwa wa saba. Siku zile duka la mikate lilikuwa limeanguka sana. Watu wa nyumba ile walikuwa wakisimulia ya kuwa siku aliyozaliwa mtoto huyu fedha zilizoingia dukani zilikuwa kidogo mno. Mama alipopata nguvu akaushika mwenyewe usimamizi wa duka, na mambo yakaanza kutengenea.

Mama huyu alikuwa mcha Mungu. Iko habari moja ndogo ambayo Simpson hakuisahau hata alipokuwa mkuu. Siku moja, akiwa mtoto, soksi yake ilitoboka. Mama akamkalisha, akaitia kiraka vizuri, kisha akamwambia akumbuke, atakapokuwa yeye hayuko tena, ya kuwa mama yake alikuwa hodari wa kushona viraka. Mtoto alipokuwa wa miaka tisa mama akafa. Dada yake, jina lake Mary kama mama, akamlea. Na kaka yake Alexander, waliyemwita Sandy, akawa kama baba wa pili.

James alionekana mapema kuwa mwenye akili nyingi. Basi nyumba nzima ikapatana: kaka zake wakafanya kazi dukani na penginepo, na sehemu ya fedha zao ikawa akiba ya masomo ya mdogo wao. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Wangapi katika sisi tulisoma kwa kahawa ya kaka au kwa mbuzi wa mjomba! Katika mwaka 1825, alipokuwa na miaka 14, James akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh. Na baada ya miaka miwili akaanza kujifunza uganga.

Hapa imenipasa kueleza jinsi kazi ya upasuaji ilivyokuwa siku zile, kwa maana pasipo hilo maisha yake hayafahamiki. Dawa ya usingizi haikuwapo. Mtu wa kukatwa mguu alinyweshwa pombe kali, akashikwa na watu wenye nguvu, akakatwa hali anajua na kusikia yote. Mpasuaji aliyesifiwa kuliko wengine alikuwa yule wa upesi. Siku moja kijana Simpson aliketi pamoja na wanafunzi wenzake kumtazama Robert Liston, mpasuaji mwenye jina kubwa, akimkata titi mwanamke maskini kutoka milima ya kaskazini. Simpson hakuweza kustahimili. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mahakama kutafuta kazi ya ukarani, akikusudia kuuacha uganga kabisa.

Hata hivyo akarudi. Alirudi akiwa na swali moja moyoni, kama haiwezekani kufanyika kitu ili mgonjwa asisikie kisu. Swali hilo alilichukua miaka karibu ishirini.

Alipata ruhusa ya kufanya kazi ya upasuaji mwaka 1830, kabla hajatimiza miaka 19, lakini akaomba kazi ya uganga katika mtaa mmoja wa shamba asipewe. Twaweza kusema ya kuwa kukataliwa huko kulikuwa na faida, kwa maana alirudi mjini, akapata shahada ya udaktari mwaka 1832, na mwalimu wake mmoja, Thomson, akamshauri ajifunze sana elimu ya uzazi. Elimu hiyo waganga wakubwa waliidharau. Waliona ni kazi ya wakunga, haiwafai watu wenye heshima. Simpson hakuona hivyo.

Mwaka 1839 kiti cha mwalimu mkuu wa elimu ya uzazi katika Edinburgh kikawa wazi. Simpson alikuwa na miaka 28 tu, tena mwana wa mchoma mikate, tena hakuwa na mke. Na watu walisema haifai mtu asiyeoa kufundisha mambo ya kuzaa. Akafunga safari kwenda Liverpool, akamposa Jessie Grindlay, binti wa mfanya biashara wa meli, nao wakaoana siku ya pili ya Noeli mwaka ule ule. Msomaji asicheke sana. Walikuwa wamejuana tangu miaka kadhaa, na ndoa ile ilidumu katika upendo mpaka kufa. Mwezi wa Februari 1840 wazee wa mji wakapiga kura: Simpson akapata 17, mwenzake 16. Alikipata kiti kwa kura moja, na pamoja nacho deni kubwa, maana alitumia fedha nyingi katika kujitafutia kura. Jambo hilo la mwisho silisifu.

Kanisa la Uskoti lilipogawanyika mwaka 1843, Simpson alikuwa pamoja nao waliotoka wakafanya Kanisa Huru, kwa kuwa hawakutaka matajiri wenye ardhi wawachagulie washarika wachungaji wao. Mwaka uliofuata msiba wa kwanza ukaingia nyumbani mwake: binti yao wa kwanza, Maggie, akafa akingali mtoto mdogo. Mganga aliyeitwa na watu wa mbali na karibu hakuweza kumponya mtoto wake mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, mganga wa meno aitwaye Morton aliwaonyesha watu ya kuwa mvuke wa etha waweza kumlaza mgonjwa asisikie kisu. Habari zikavuka bahari. Tarehe 19 Januari 1847 Simpson akaitumia etha kwa mwanamke ambaye mifupa ya nyonga zake ilikuwa myembamba, hata asiweze kuzaa kwa njia ya kawaida. Ndiyo mara ya kwanza kutumiwa kwa mwanamke anayezaa. Lakini etha ilikuwa na harufu mbaya, ilichoma koo, na ilihitajiwa nyingi. Basi akaanza kutafuta kitu bora.

Njia yake ya kutafuta haikuwa ya hekima, nasema wazi. Jioni, baada ya chakula, katika nyumba yake namba 52 njia ya Queen Street, yeye na wasaidizi wake wawili, Keith na Duncan, walikuwa wakimimina dawa hii na hii katika bilauri na kuivuta puani. Zingine zingaliweza kuwaua. Tarehe 4 Novemba 1847 wakaijaribu klorofomu, dawa ambayo Waldie, mtu wa madawa wa Liverpool, alikuwa amemtajia. Kwanza wakachangamka, wakawa na maneno mengi. Kisha wote watatu wakaanguka. Simpson alipozinduka alikuwa chini sakafuni, na kando yake Duncan akikoroma chini ya kiti, na Keith akiipiga meza mateke. Mara akafahamu ya kuwa amepata alichokitafuta. Wakarudia tena na tena usiku ule, hata binti mmoja wa jamaa ya mkewe akavuta naye, akalala huku akisema kwamba yeye ni malaika.

Siku chache baadaye wanawake wa kwanza wakazaa kwa klorofomu, na tarehe 10 Novemba Simpson akawaeleza waganga wenzake mkutanoni. Tena likatukia jambo moja ambalo yeye hakulihesabu kuwa la bahati tu. Siku hizo alikuwa ameahidi kwenda kuijaribu klorofomu hospitalini kwa mgonjwa wa kupasuliwa, akazuiliwa na kazi nyingine. Wakampasua mtu yule pasipo dawa, naye kisu kilipomgusa tu akafa. Kama Simpson angalifika na chupa yake, nani asingalisema ya kuwa klorofomu ndiyo iliyomwua? Badala yake wa kwanza hospitalini alikuwa mtoto mdogo wa milimani, asiyejua Kiingereza hata neno moja. Mfupa mbovu ukatolewa mkononi mwake, naye akaamka macho meupe, kama mtoto aliyelala usingizi wa mchana.

Ndipo swali la mzee wangu likatokea. Watu walisema, wengine katika barua, wengine kwa mazungumzo, ya kuwa Mungu alimwambia mwanamke katika Mwanzo 3:16 atazaa kwa uchungu. Basi anayeuondoa uchungu huo ashindana na neno la Mungu. Kwa haki imenipasa kusema ya kuwa waliochunguza habari hizo siku za karibuni wameona ya kuwa wachungaji walioandika kuipinga klorofomu walikuwa wachache kuliko ilivyosimuliwa zamani. Hata waganga wenyewe walilishika neno hilo, na wengine waliogopa tu kitu kipya. Lakini wanawake waliosumbuka dhamirini walikuwako, na Simpson aliwaonea huruma. Katika Desemba 1847 akatoa kitabu kidogo cha kujibu.

Jibu lake lilikuwa hivi. Kwanza akalitazama neno la Kiebrania. Akaonyesha ya kuwa neno linalotafsiriwa uchungu lina maana ya taabu na kazi ngumu, na katika mstari unaofuata Adamu naye anaambiwa kwa neno lilo hilo ya kuwa atakula mazao ya nchi kwa taabu. Akauliza: Kama ni dhambi kumpunguzia mwanamke taabu yake, mbona si dhambi kwa mkulima kung'oa miiba na magugu ambayo ardhi ililaaniwa iyazae? Mbona mtu alimaye kwa ng'ombe hatengwi na Kanisa kwa kuwa jasho lake limepungua? Na kama mwanadamu aliambiwa atarudi mavumbini, mbona waganga wote hawahesabiwi kuwa waasi, wao wanaojitahidi kila siku kumzuia asirudi? Tena akaikumbuka sura ya pili ya kitabu kile kile: Mungu mwenyewe, kabla ya kuutwaa ubavu wa Adamu, alimletea kwanza usingizi mzito. Mwisho akasema ya kuwa Bwana wetu alizichukua huzuni zetu, wala hapana mahali ambapo aliwaponya watu nusu ili wabakize maumivu kwa faida yao.

Hoja hizo si zote za nguvu moja. Ile ya usingizi wa Adamu wengine waliicheka, wakisema ya kuwa Adamu alilala kabla maumivu hayajaingia duniani. Mimi naishika zaidi ile ya miiba. Nilipomwendea tena mzee yule nilimwuliza mwaka huu amepalilia mahindi yake mara ngapi. Alinitazama kitambo, kisha akaomba nimsomee tena mistari ile miwili.

Lakini dawa ile haikuwa salama kama Simpson alivyodhani. Tarehe 28 Januari 1848 binti wa miaka 15, Hannah Greener, alipewa klorofomu karibu na Newcastle ili atolewe ukucha wa mguu tu, naye akafa katika dakika chache. Simpson alisema binti alipaliwa na maji na pombe waliyomnywesha ili kumwamsha. Alikosea kuyapuuza mambo hayo. Baadaye ilijulikana ya kuwa klorofomu yaweza kuusimamisha moyo ghafula, na kuharibu ini pia, na kwa sababu hiyo hospitali ziliiacha, zikatumia dawa nyingine zilizo bora. Lakini mlango aliosaidia kuufungua haukufungwa tena. Tarehe 7 Aprili 1853 Malkia Victoria alimzaa mwanawe Leopold huku Daktari John Snow akimvutisha klorofomu kidogo kidogo kwa leso; na tangu siku ile wanawake wengi hawakuona haya kuiomba.

Nyumba ya Queen Street haikuwa nyumba ya utulivu. Asubuhi ilijaa wagonjwa ngazini na vyumbani, mke wa mtawala pamoja na mke wa mvuvi wa samaki, nao wakangoja pamoja. Fedha hakuzijali, maskini hakuwatoza kitu, na siku moja, husimuliwa, dirisha lilipogongagonga usiku kwa upepo, akatwaa karatasi mfukoni akaikunja akazibia, na asubuhi mkewe akaona ni noti ya benki. Mama Jessie ndiye aliyezishika hesabu, akawapokea wageni wasiohesabika mezani, akamngoja mume aliyeitwa usiku wa manane. Mwanamke mmoja kutoka Marekani, Emily Blackwell, ambaye vyuo vingi vilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, alikuja mwaka 1854, Simpson akampa nafasi ya kujifunza kazi kwake.

Simpson alikuwa mtu wa ugomvi pia. Nisipoliandika hilo nitakuwa nimemsifu kwa uongo. Alipobuni njia ya kuzuia damu kwa sindano badala ya uzi, Syme, mpasuaji mkuu wa Edinburgh, aliupinga ubuni huo hata akakirarua kijitabu cha Simpson mbele ya wanafunzi. Na mwaka 1867 Joseph Lister, mkwe wa Syme, alipowafundisha watu kuvitia vidonda dawa ya kaboliki visioze, Simpson akaandika kwa ukali ya kuwa mtu mmoja wa Paris alikwisha kutangulia kuitumia. Wakati ule ule yeye mwenyewe alikuwa akikusanya hesabu za watu waliokatwa viungo. Mwaka 1869 alionyesha ya kuwa katika watu 2,089 waliokatwa katika hospitali kubwa walikufa 855, na katika 2,098 waliokatwa na waganga wa mashamba walikufa 226 tu. Aliuona ugonjwa vizuri kuliko wenzake wengi. Dawa yake ilikuwa mkononi mwa Lister, lakini hakuipokea kutoka kwa mtu wa nyumba ya Syme.

Sasa nije kwenye imani yake. Tangu utoto alikuwa Mkristo wa desturi, mwenye kwenda kanisani na kuwapenda maskini. Karibu na Noeli ya mwaka 1861 moyo wake ukageuka kabisa. Aliona ya kuwa mema yake yote hayakumletea amani na Mungu, akajitupa kwa Kristo kama mgonjwa ajitupavyo kwa mganga. Tangu hapo yule mwalimu mkuu alionekana akisimama katika mikutano ya watu wadogo, akiwaeleza habari ya wokovu, akaandika na vijikaratasi vya kugawiwa. Alipoulizwa ni lipi kubwa kuliko yote aliyovumbua, watu wakitazamia aitaje klorofomu, alijibu ya kuwa amevumbua kwamba yeye ni mwenye dhambi na kwamba anaye Mwokozi.

Imani hiyo ilijaribiwa upesi. Mwanzoni mwa mwaka 1862 mwanawe Jamie akafa, kijana wa miaka 15. Mwanzoni mwa mwaka 1866 Malkia akampa cheo cha baroneti, ambacho hurithiwa na mwana mkubwa, na hakuna mganga wa Uskoti aliyekuwa amekipata kabla yake kwa kazi yake huko. Barua za pongezi zilikuwa zikiingia bado wakati David, mwana mkubwa, aliyekuwa daktari naye, alipofariki. Hazijapita wiki nyingi, binti yao Jessie akafa. Nembo iliyochorwa kwa cheo kile ilikuwa na maneno ya Kilatini yenye maana ya kwamba maumivu yameshindwa. Nawaza mara kwa mara jinsi baba yule alivyoitazama nembo ile katika miezi hiyo. Twajua tu ya kuwa alirudi kwa wagonjwa wake, akafundisha, na nyumbani ibada ya jamaa haikukoma.

Mwanzoni mwa mwaka 1870, baada ya safari za usiku katika baridi, moyo wake ulianza kumwuma sana. Hata kitandani alimjibu kwa barua ndefu daktari mmoja wa Boston aliyedai ya kuwa ameinyima Marekani sifa zake. Kisha maneno ya namna hiyo yakaisha. Aliomba asomewe Maandiko na nyimbo za kanisa. Mtu wa mwisho kumshika alikuwa Sandy, yule kaka wa dukani aliyemlipia masomo. Aliketi kitandani na kichwa cha mdogo wake akakilaza mapajani mwake, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto. Sir James akalala tarehe 6 Mei 1870, akiwa na miaka 58.

Wakubwa wa Uingereza walitaka azikwe katika Westminster Abbey, pamoja na wafalme. Jamaa wakashukuru, wakakataa, kwa kuwa mwenyewe alitaka kulala na watoto wake. Siku ya maziko maduka ya Edinburgh yalifungwa, na maelfu ya watu wakasimama njiani, wengi wao wanawake maskini, mpaka kwenye makaburi ya Warriston. Mama Jessie alibaki katika nyumba ile iliyonyamaza. Mwezi wa Juni, hazijatimia hata wiki saba, akafa naye, wakamzika kando ya mumewe.